Draya haitoi joto? Tazama bomba kwanza

NYUMBA NA WATU
Na Zuhura Makame

Baridi inapoanza kushika Marekani na Kanada, jumbe za wasomaji wetu wa huko hubadilika. Habari za viza na shule za watoto zinapungua, na kutoka Minneapolis, Louisville na Toronto linakuja lalamiko moja: draya inazunguka na kuvuma kama kawaida, lakini nguo zinatoka mbichi. Wengi wanaongeza jambo la pili, na hilo ndilo lililonifanya niandike wiki hii. Fundi ameshakuja, amebadilisha kifaa, amelipwa, na baada ya muda mfupi mashine imerudia ugonjwa uleule.

Msimamo wangu ni huu: draya isiyotoa joto ikaguliwe njia yake ya hewa kabla ya mtu yeyote kuifungua mgongo. Familia zetu zinalipa fedha nyingi kwa koili na fyuzi mpya, huku bomba lililozikatisha zile za kwanza likiachwa limeziba ndani ya ukuta. Fedha hizo zinaniuma, na moto unaoweza kufuata unanitisha zaidi.

Kabla ya hewa, tumalize habari ya umeme, maana inaweza kukuokolea gharama yote kwa dakika moja. Nyumba ya Marekani hupokea nyaya mbili zenye moto. Ukipima mmojawapo na nyutro unapata volti 120. Ukipima hizo mbili zenyewe kwa zenyewe unapata 240. Katika draya nyingi za umeme za huko, mota inayozungusha pipa hutumia volti 120, kwa hiyo waya mmoja wenye moto unaitosha. Koili ya joto ndiyo inayodai zote mbili. Breka ya draya nayo ina miguu miwili, kwa kawaida ya ampea 30. Mguu mmoja ukiachia, pipa linaendelea kuzunguka, taa inawaka, na mwenye nyumba anaapa kwamba umeme upo. Upo, ila nusu. Nenda kwenye kisanduku cha breka, izime kabisa, kisha iwashe tena. Kuisukuma juu bila kuizima kwanza hakusaidii, kwa sababu breka iliyoachia huweza kuonekana kama imesimama mahali pake. Ikiachia tena, iache hivyo hivyo na umwite fundi umeme.

Waya wa draya pia huleta tatizo hilohilo, hasa kwa wanaohamahama. Tangu mwaka 1996 kanuni za umeme za Marekani zimetaka soketi mpya za draya ziwe na matundu manne, lakini nyumba za zamani bado zina za matundu matatu. Mtu akihama hulazimika kubadilisha waya, na skrubu moja isipokazwa vizuri koili inakosa umeme wake huku mota ikiendelea. Skrubu iliyolegea huchemka na kuunguza plastiki. Ukiona alama nyeusi pale waya unapoingia mgongoni mwa mashine, usiwashe tena.

Wale wanaopakia draya kwenye kontena kwenda Dar es Salaam au Mombasa wanisikilize hapa. Soketi ya nyumbani kwetu ina volti 230 hadi 240 kati ya waya wa moto na nyutro, na mzunguko wa hezi 50. Mota ya mashine ya Marekani imetengenezewa volti 120 na hezi 60. Ukiiunga moja kwa moja mota inaungua. Ukinunua transfoma ya kushusha umeme na kulisha mota peke yake, pipa litazunguka, na koili isiyopata waya wake wa pili itabaki baridi. Nimeona ndugu wakiilaumu mashine iliyokuwa nzima kabisa. Kabla ya kupakia, mpigie fundi umeme wa huko iendako.

Sasa hewa. Draya huvuta hewa ya chumbani, huipitisha kwenye koili ikapata moto, huipeleka ndani ya pipa ikabeba unyevu wa nguo, kisha feni huisukuma kupitia chujio na bomba hadi nje ya nyumba. Kila mzigo wa nguo hutoa nyuzinyuzi. Chujio hushika sehemu, nyingine hupita na kuganda bombani, kwenye kona na kwenye kifuniko cha nje. Bomba likizibwa, hewa yenye unyevu haitoki, nguo hazikauki, na joto linarundikana karibu na koili. Thamostati ya kawaida hujaribu kulituliza kwa kuzima na kuwasha. Joto likizidi kiwango, fyuzi ya joto hukatika. Fyuzi hiyo ni kidude kidogo cha bei ndogo, na ikikatika haijirudishi. Katika mashine fulani kukatika kwake husimamisha pipa kabisa. Katika nyingine pipa linazunguka bila joto, na hapo ndipo simu kwa fundi zinapoanza.

Kwa hiyo fyuzi iliyokatika ni kifaa kilichofanya kazi kiliyowekewa. Fundi anayeibadilisha na kuondoka bila kutoka nje kutazama bomba amekuuzia nafuu ya wiki chache, na ningekushauri umuulize mapema, kabla hajafungua sanduku lake la vifaa, kama atalikagua. Wewe mwenyewe unaweza kupima. Washa draya, toka nje, weka kiganja chako kwenye kifuniko cha bomba. Hewa itoke kwa nguvu na kifuniko kifunguke chenyewe. Kikitikisika tu, au kisipofunguka, umeshapata pa kuanzia. Chomoa mashine, ivute kutoka ukutani, tenganisha bomba, safisha kwa brashi ndefu ya kazi hiyo. Kama draya yako ni ya gesi, kuivuta huku kunaweza kuumiza bomba la gesi, kwa hiyo mwachie fundi.

Tazama pia bomba lenyewe. Lile jeupe la plastiki linalojikunja halifai. Linashika nyuzinyuzi kwenye kila mkunjo na linayeyuka kwa moto. La chuma gumu, lenye kipenyo cha inchi 4, ndilo la kutafuta. Kanuni za ujenzi za nyumba za makazi zinazotumika sehemu kubwa ya Marekani zinaweka kikomo cha futi 35, karibu mita 10 na nusu, na kila kona ya mraba inapunguza futi 5 katika urefu huo. Wavu usiwekwe mwishoni, hata kama nia ni kuzuia ndege, maana unazibwa na nyuzinyuzi haraka.

Na chujio? Wengi hulitoa nyuzinyuzi kwa mkono kila mara, jambo zuri, lakini karatasi za kulainishia nguo huacha utando usioonekana. Limiminie maji ya bomba. Maji yakisimama juu ya wavu badala ya kupita, lioshe kwa maji ya vuguvugu, sabuni na mswaki laini, likauke kabla ya kulirudisha.

Idara ya serikali ya Marekani inayoshughulikia habari za moto ilikadiria, kwa miaka ya 2008 hadi 2010, kwamba draya za majumbani zilisababisha takriban moto 2,900 kila mwaka, zikiua watu 5 na kujeruhi 100. Sababu iliyoongoza, kwa asilimia 34, ilikuwa kutosafisha. Ndiyo maana kuna jambo moja nalipinga kwa nguvu zangu zote: kuiruka fyuzi. Wengi wetu tumekulia katika nyumba ambazo fyuzi ya meni swichi ikikatika ilitiwa nyuzi za waya wa shaba, taa zikarudi, watu wakashukuru. Tabia hiyo imevuka bahari pamoja nasi. Wapo mafundi wa mtaani wanaounganisha nyaya mbili za fyuzi ya draya na kumwambia mteja ameokoa dola zake. Wamemwondolea kizuizi cha mwisho kilichokuwa kati ya koili nyekundu na manyoya makavu ya nguo, katika chumba ambacho pengine kipo jirani na wanapolala watoto. Mtu akikufanyia hivyo, mwambie arudishe fyuzi. Asipotaka, chomoa mashine na utafute mwingine.

Ikiwa breka ni nzima, bomba safi na fyuzi nzima, basi ruhusa ya kuishuku koili ipo. Mashine ikiwa imechomolewa, fundi ataipima kwa mita baada ya kutenganisha nyaya zake. Koili ya wati 5,400 inapaswa kuonyesha karibu omu 10. Mita isiposoma chochote, koili imekatika. Draya ya gesi ina dalili yake: mara nyingi inapasha joto dakika chache za mwanzo kisha inapoa, na hapo hushukiwa zile koili ndogo zinazofungua vali ya gesi. Ukinusa gesi, usiguse swichi yoyote. Toeni watoto, tokeni wote, mpige simu mkiwa mbali na nyumba.

Mara nyingine draya haina kosa lolote. Mablanketi yaliyotoka kwenye mashine ya kufulia yakichuruzika maji yanahitaji kukamuliwa tena, na tatizo ni la mashine ile nyingine.

Limebaki jambo la wapangaji, ambao ndio wengi wetu. Katika majengo ya ghorofa bomba hupita ndani ya ukuta na mara nyingi huishia juu ya paa, mahali ambapo mpangaji hana ngazi wala ruhusa. Chujio ni kazi ya anayefua. Bomba la ukutani ni la mwenye jengo, na naona ni dhuluma kumwambia mama mwenye watoto watano kwamba anafua mno. Sheria zinatofautiana jimbo hadi jimbo, lakini barua ni barua kila mahali. Andika kwamba draya haitoi joto, kwamba hewa haitoki nje kwa nguvu, na kwamba unaomba bomba lisafishwe kwa sababu ni hatari ya moto. Weka tarehe, ambatisha picha ya kifuniko cha nje kama unakiona, ubaki na nakala. Lugha ikikusumbua, mpe kijana wako aandike, nawe utie saini. Wasiposafisha, ipigie simu ofisi ya ukaguzi wa nyumba ya mji wako au idara ya zimamoto, na uulize nani anashughulikia malalamiko ya bomba la draya.