Ung'eng'e hauji kwa kunakili ubaoni, cheza!

Wiki hii nina neno na ninyi mnaohangaika na kozi za jioni kusaka ung'eng'e. Ada mnalipa, madaftari yamejaa, sarufi mnayo kichwani. Lakini siku ya usaili, ukiambiwa tu ujieleze wewe ni nani, ulimi unaganda, jasho linakutoka na kiyoyozi kinapuliza! Kazi anachukua mwenzio ambaye darasani ulikuwa unamfunika.

Si kwamba huna akili. Wengi wetu tulisoma msingi kwa Kiswahili, kidato cha kwanza kila kitu kikageuka Kiingereza, tukanakili ubaoni miaka minne bila kufungua mdomo. Halafu kuna ugonjwa wetu wa kuchekana. Mtu akichanganya 'he' na 'she', darasa zima kwi kwi kwi! Kesho hathubutu tena.

Dawa ni michezo, usinune. Waingereza wenyewe wana kipindi cha redio ya BBC, Just a Minute, tangu 1967. Unapewa mada, unaongea sekunde 60 bila kusita, bila kurudia maneno, bila kutoka nje ya mada. Ukiteleza, mwenzio anakukatiza na kuendelea yeye. Wenye lugha yao wanachemsha, sembuse sisi! Kwa hiyo anzeni na sekunde 20, na ile sheria ya kutorudia maneno iwekeni kando kwanza. Mada ziwe za kwenu: daladala, Simba na Yanga, shemeji aliyekuja wiki moja akakaa mwaka. Hapo hata yule anayejificha kiti cha nyuma atasema.

Ninaoupenda mimi ni Taboo, ulioingia sokoni 1989. Kadi ina neno, na chini yake maneno matano yaliyopigwa marufuku. Wenzio walitambue neno hilo bila wewe kutaja hata moja. Kadi kata mwenyewe kwenye boksi. Umepata 'chapati', usiseme unga, mafuta, chai, duara wala kusukuma. Utazunguka weee! Na ndivyo inavyotakiwa, maana neno likikupotea mbele ya bosi unalizunguka, hunyamazi.

Siku ya kwanza darasani, chezeni kweli mbili na uongo mmoja. Kila mtu anasema mambo matatu kumhusu, wenzake wanambana kwa maswali wapate uongo uko wapi. Utamu uko kwenye kuuliza, maana sisi tumezoea kuulizwa tu.

Mwalimu naye asirukie kila kosa. Aandike pembeni, aje ayaseme mwishoni bila kutaja jina la mtu. Na kama wako anaongea saa nzima peke yake, ninyi kazi yenu 'yesi ticha', muulize: hivi ada hii nalipa ili wewe ufanye mazoezi? Ila muulize kwa Kiingereza.