Ushuru wa Tumbaku na Deni la Msitu



Katika karne ya 19 misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipita hapa Tabora. Watemi waliitoza hongo ya nguo, shanga na nyaya za shaba, kwa ajili ya ruhusa ya kupita katika nchi zao. Leo neno hilo lina aibu, lakini zama hizo lilikuwa kodi ya njia. Kuanzia mwaka 1871 Mtemi Mirambo wa Urambo alipigana na Waarabu wa Tabora kwa sababu ya njia hiyo na faida zake. Misafara ilikwisha, na reli ikafika Tabora mwaka 1912. Kodi haikwisha. Leo halmashauri za Urambo, Kaliua, Sikonge na Uyui hutoza ushuru wa mazao, na zao kubwa la biashara ni tumbaku.

Tunauliza: ushuru huo unarudisha nini kwa ardhi iliyouzaa?

Mpango wa karanga wa Waingereza, ulioanza mwaka 1947, ulifyeka pori la Urambo kisha ukashindwa. Tumbaku ikashika nafasi yake. Tumbaku ya mvuke hukaushwa katika mabani kwa moto wa kuni, na kuni hizo hukatwa katika miombo. Miombo hiyo hiyo hufunika udongo, huzuia maji ya mvua yasikimbie, na huwapa nyuki maua ya asali iliyoipa Tabora sifa. Sisi tuna msimu mmoja tu wa mvua, tangu Novemba hadi Aprili. Mvua ikichelewa, ikikatika wakati mahindi yanachanua, au ikimwagika yote kwa siku chache, ardhi iliyo uchi haina akiba ya kumwokoa mkulima. Hivyo halmashauri inakula matunda ya mti huku ikiutazama ukikauka.

Wapo watakaojibu kwamba hali ya hewa imeharibiwa na viwanda vya nchi tajiri. Ni kweli, na haki inadai nchi hizo zilipe. Lakini shoka linaloangusha mninga wa Sikonge halishikwi na mtu wa Ulaya. Wengine watasema mapato ni haba, kwa kuwa mwaka 2017 ushuru wa mazao ya biashara ulipunguzwa kutoka asilimia 5 hadi 3. Mfuko mdogo ndio unaohitaji mpangilio mkali zaidi. Wengine watatuonyesha bomba lililoleta maji ya Ziwa Victoria hadi Nzega, Igunga na Tabora. Tunalishukuru kwa moyo wote. Lakini bomba hutuliza kiu ya mji, halinyweshi shamba wala halioteshi msitu.

Wala tusimtwishe lawama mkulima mwenye ekari mbili anayetafuta karo. Yeye ndiye wa kwanza kulala njaa mvua inapokosa.

Njia ipo, tena jirani. Mkoani Shinyanga, ambako nchi ilikuwa imegeuka karibu jangwa, mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulianza mwaka 1986. Haukuleta maarifa ya kigeni tu. Ulifufua ngitili, desturi ya Wasukuma ya kutenga malisho na kuyaachia mapumziko. Zaidi ya hekta 300,000 zilirudi kuwa kijani. Palifanikiwa kwa sababu wanakijiji walipewa mamlaka na faida, nao wakalinda kilicho chao.

Mamlaka hayo hata kwetu yapo. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 inakiruhusu kijiji kutunga sheria ndogo. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inakiruhusu kuwa na msitu wake wa hifadhi. Kinachokosekana ni watu wa kusimama mkutanoni na kudai.

Kwa hiyo, ndugu viongozi, tunawasihi mpeleke madai matatu kwa madiwani wenu. Kwanza, sehemu inayojulikana ya ushuru wa tumbaku itengwe kila mwaka kwa misitu ya vijiji, mabwawa na mabani yanayotumia kuni chache, na hesabu yake isomwe hadharani. Pili, miche ihesabiwe baada ya kiangazi kupita, si siku inapogawiwa mbele ya wapiga picha. Tatu, hakuna mpango wa mabadiliko ya tabianchi upitishwe wilayani kabla ya kusikilizwa na mkutano mkuu wa kijiji, wanawake wanaochota maji wakiwa wa kwanza kusema.

Mtemi aliyetoza hongo alijua kwamba msafara ukiisha, kodi nayo imekwisha. Madiwani wetu nao wajue: msitu ukiisha, hakutakuwa na tumbaku ya kutozwa ushuru, wala mkulima wa kuilima.