Mtaji wa kuandika, nani anatoa?

Juzi mmoja wetu alijaza fomu ya mtaji mdogo hapa Kampala. Kulikuwa na visanduku vya kuchagua: ushonaji, saluni, sabuni ya maji, kuku. Chake hakikuwepo. Akaandika pembeni kwa kalamu: "Nataka miezi sita nimalize riwaya yangu." Afisa alicheka, si kwa ubaya, akamshauri aweke saluni.

Tukamkumbuka William Peter Blatty. Wengi tunaijua The Exorcist, ile filamu ya msichana aliyepagawa na pepo. Alikotoka mwandishi wake, wachache wanajua. Wazazi wake walikuwa wahamiaji kutoka Lebanoni. Alizaliwa New York mwaka 1928, na mama yake alimlea kwa kuuza jeli ya matunda barabarani. Kodi ikiwashinda, wanafukuzwa, wanahama tena. Mama zetu wanaotembeza vitenge juani mpaka jioni wangemwelewa yule mama bila mkalimani.

Mwaka 1961 Blatty, ambaye bado alikuwa anaajiriwa, alishiriki mchezo wa maswali wa TV, You Bet Your Life, wa mchekeshaji Groucho Marx. Akashinda dola 10,000. Alipoulizwa atafanyia nini hizo pesa, alisema ataandika riwaya. Zikamtosha kuacha kazi na kuandika tu. The Exorcist ilitoka 1971, ikawa filamu 1973, na yeye akapata Oscar kwa kuiandika.

Kuna wanaosema michezo ya TV ni upuuzi, si mahali pa mwandishi. Mbona hapa kwetu, kuanzia 2007, vyuo vikuu vya Uganda, Kenya na Tanzania vilishindana kwenye Africa Challenge, na muulizaji alikuwa John Sibi-Okumu, mwandishi wa tamthilia wa Kenya? Hakupungukiwa kitu.

Sisi pia tunapandishwa jukwaani. Kila tarehe 20 Juni tunaitwa tusimulie tulivyokimbia. Tunapigiwa makofi, tunapewa soda na fulana, halafu story yetu inaingia kwenye ripoti. Hatukatai. Lakini Blatty hakulipwa ili alie mbele za watu. Alipata pesa, akapata muda, na story ikabaki yake mpaka alipoamua kuiuza mwenyewe.

Tunajua bajeti zimekatwa, na riwaya haijazi sufuria leo. Tunajua pia si kila anayeandika atafika. Lakini si saluni nazo hufungwa? Na hakuna anayesema kwa hiyo tuache kusaidia wasusi.

Ndugu zetu wa mashirika, ombi letu ni dogo: ongezeni kisanduku kimoja, "uandishi", na mkiangalie kwa macho yale yale mnayoangalia kuku na sabuni.

Na wewe kijana mwenzetu, ungeulizwa leo pesa utafanyia nini, ungejibu ukweli au ungeandika saluni?