Yafaa Shule Yetu Iwe na Ghala la Programu

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika kurasa za Kiswahili za gazeti letu, niwape rai yangu wanafunzi walio shuleni sasa na wenzangu tuliokwisha kuondoka. Rai yenyewe ni hii: yafaa chumba cha kompyuta cha shule kiwe na ghala lake la programu, tusingojee intaneti kwa kila jambo.

Nitaanza na yaliyonipata mimi mwenyewe. Nilipomaliza masomo nilipata kompyuta kuukuu, nikatia Debian ndani yake. Nyumbani kwetu Buyenzi hapakuwa na intaneti. Basi nilikwenda mjini, nikapakua programu moja ya kutengenezea picha, nikaitia katika flashi na kurudi kwa miguu. Kompyuta ikaikataa, ikasema yahitaji faili jingine. Kesho yake nikalifuata hilo faili. Nalo likataka la tatu. Siku ya nne fedha zikaniishia, na programu haijafanya kazi hata dakika moja. Nilikuwa kama mwashi mwenye matofali asiye na saruji.

Sikujua wakati ule kwamba programu haikai peke yake. Kila moja imefungwa katika kifurushi (sisemi vile vya simu tununuavyo), na kifurushi kimoja hutegemea vingine. Toleo la 12 la Debian, lililotoka Juni 2023, lina vifurushi zaidi ya 64,000. Nani aweza kukumbuka kipi chataka kipi? Ndiyo maana ghala huwa na daftari. Daftari hutaja kila kifurushi, toleo lake na vile kinavyovitegemea, na programu iitwayo apt hulisoma na kuvileta vyote kwa pamoja.

Ghala hilo si lazima liwe Ulaya. Mtu aweza kulijenga katika kompyuta yake mwenyewe, nami nimefanya hivyo. Vifurushi hukusanywa katika folda moja. Kisha programu ndogo, dpkg-scanpackages, huvipitia na kuandika daftari. Mwisho huongezwa mstari mmoja katika faili la sources.list, kuiambia kompyuta ghala liko wapi. Kazi hiyo ni ya jioni moja.

Kwa shule iko njia nyepesi zaidi. Kompyuta moja hutiwa apt-cacher-ng. Kifurushi kikiombwa mara ya kwanza hutoka katika intaneti na kuwekwa akiba; kikiombwa tena, hutoka humo humo chumbani. Tufanye hesabu. Kompyuta 30 zikipakua kila moja megabaiti 200, jumla ni megabaiti 6,000. Penye ghala, zinazolipiwa ni 200 tu. Tena somo la dakika 40 halitakwisha wanafunzi wakitazama mstari unaotambaa kama konokono.

Wako watakaosema kwamba intaneti sasa ipo, ghala la nini? Ipo, nakubali. Lakini nchi yetu haina bahari, na njia yetu hupita kwa majirani mpaka kwenye nyaya zinazofika pwani ya Afrika Mashariki. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili, EASSy na Seacom, zilikatika baharini, na intaneti ikadhoofika katika nchi nyingi za upande wetu. Siku ya namna hiyo mwalimu asiye na akiba atafundisha nini?

Wengine hudhani kunakili programu ni wizi. Ziko zisizoruhusiwa kunakiliwa, tusiziguse. Bali Debian, aliyoianzisha Ian Murdock mwaka 1993, ilijifunga kwa mkataba wa mwaka 1997 kwamba itabaki huru. Programu za sehemu yake kuu zina ruhusa ya kunakiliwa na kugawiwa.

Walakini sitaki kuwaficha ubaya wa jambo hili. Wahenga walisema akiba haiozi. Akiba ya programu huoza. Kila mara makosa hugunduliwa, nayo hurekebishwa katika vifurushi vipya. Ghala lisiloangaliwa litazigawia kompyuta zote 30 mlango ule ule ulio wazi kwa wezi. Kwa hiyo lazima awepo mtu wa kuliangalia kila juma. Kadhalika daftari hutiwa sahihi ya siri ili lisighushiwe. Mimi nilipojenga langu, apt ilinionya kwamba sahihi haipo, nikaandika neno la kuinyamazisha. Nyumbani, kwa vifurushi nilivyovijua asili yake, haikunidhuru. Shuleni, ambako flashi hutoka kila mtaa, msinifuate hata kidogo.

Tena msiweke nakala moja tu. Soko kuu la Bujumbura lilipoungua tarehe 27 Januari 2013, wafanya biashara wengi walipoteza mali yao yote kwa kuwa yote ilikuwa mahali pamoja. Diski nayo hufa bila kutoa habari.

Basi naomba mambo mawili. Wanafunzi, undeni kikundi cha watu wanne au watano wa kulitunza ghala, na wanaoondoka wawafundishe wanaobaki, lisije likafa mwisho wa mwaka. Na sisi wa zamani, ambao tukija shuleni hula, hupiga picha na kwenda zetu, tutoe diski mbili za terabaiti moja moja. Mimi nitatoa sehemu yangu wa kwanza.

Hapana shaka hata leo yuko kijana arudiye nyumbani kwa miguu na faili moja mfukoni, asijue kwamba halitamfaa. Ghala letu likiwapo, atajaza flashi yake shuleni kabla ya kengele ya mwisho, na jioni ile ile ataanza kazi.

Wasalaam,
Mwanafunzi wa Zamani,
Bujumbura.