Orodha ya 'Kumi Bora' Haijui Soko la Tabora

Mfanyabiashara wa asali anayetafuta mizani ya kidijitali leo hufungua simu na kukuta orodha ya 'mizani kumi bora'. Kusoma orodha si kosa. Kosa ni kutoa mtaji kabla ya kujua aliyeipanga anakula wapi.

Orodha nyingi za namna hii huishi kwa kamisheni. Msomaji akibofya na kununua, mwandishi hupata asilimia ya bei. Amazon imekuwa ikilipa hivyo tangu 1996. Kamisheni si wizi, kwani hata dalali hulipwa. Lakini dalali wa mnadani tunamjua kuwa ni dalali, ilhali huyu huja amevaa kanzu ya mshauri. Maoni ya wateja nayo hununuliwa, na ndiyo maana mwaka 2024 serikali ya Marekani ilipitisha kanuni ya kupiga marufuku maoni bandia.

Hata orodha ya mkweli yaweza kukutia hasara. Wazee wa njia ya misafara, kutoka Bagamoyo kupitia Ugogo hadi Tabora na Ujiji, walilijua hilo. Mwaka 1871 Stanley, akijiandaa Unguja, aliwauliza wafanyabiashara wazoefu wa bara achukue shanga zipi. Aliambiwa nyekundu hupokelewa Unyamwezi, na kwamba nyeusi, ambazo ni fedha Ugogo, kwingine hazina thamani. Aliyekosea alibebesha wapagazi mzigo usionunua hata chakula.

Mizani ni vivyo hivyo. Inayosifiwa kwa jiko la Ulaya haijawa mizani ya biashara Tanzania. Ya biashara lazima ihakikiwe na Wakala wa Vipimo. Ukipimia wateja kwa isiyohakikiwa, unavunja sheria, na hakuna mwandishi wa orodha atakayekulipia faini.

Kwa hiyo, ndugu mfanyabiashara, kabla ya kulipa uliza mambo matatu. Mwandishi amekitumia kifaa, au amenakili maelezo ya muuzaji? Analipwa na nani? Kikiharibika, fundi na vipuri vipo Tabora, au hadi Dar es Salaam? Kisha mtafute mwenzako sokoni aliyekitumia msimu mzima. Huyo hana kamisheni, na kasoro atakutajia. Orodha isiyotaja kasoro hata moja ni tangazo, na tangazo lisomwe kama tangazo.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.