Hadithi za Bibi Si Pambo la Mgeni Rasmi

Mwezi uliopita nilialikwa kwenye uzinduzi wa kisima katika kijiji kimoja kilicho kati ya Korogwe na Handeni. Sitakitaja jina, maana wenyeji wake hawana kosa lolote. Kikundi cha kina mama kilikuwa kimejipanga juani tangu saa tatu asubuhi. Mgeni rasmi alifika saa saba kasorobo. Ngoma ikaanza. Kwa dakika mbili za kwanza meza kuu yote ilitabasamu. Kisha mwimbishaji, mama wa makamo aliyejifunga khanga mbili, akaingiza ndani ya wimbo kisa ambacho wengi wetu tuliolelewa huku tumekisikia kwa bibi zetu: wanyama wanachimba kisima wakati wa ukame, Sungura anakataa kushika jembe, halafu usiku anakuja kuyateka maji ya wenzake. Walioketi chini ya mwembe wakaanza kucheka, kwa kuwa walimjua Sungura wao. Mshereheshaji naye alimjua. Aliinua kipaza sauti, akawashukuru kina mama kwa "burudani nzuri", akaashiria muziki ufunguliwe, na ngoma ikaishia hapo.

Nilirudi Korogwe jioni ile nikiwa na hasira ambayo haijaniisha hadi leo ninapoandika. Kilichozimwa pale hakikuwa burudani. Ilikuwa hoja. Mama yule alichukua ngano ya kale, akailaza juu ya jambo la leo, akawaachia wasikilizaji waamue wenyewe ni nani amevaa masikio marefu. Kazi hiyo hiyo, ikifanywa na mtu mwenye shahada, tunaiita tamthilia, tunaichapa, tunaitungia mitihani.

Penina Muhando, anayefahamika pia kwa jina la Penina Mlama, alizaliwa mwaka 1948 huko Berega, mkoani Morogoro, katika nchi ya Wakaguru. Ukitoka huko kuelekea kaskazini mashariki, ng'ambo ya milima ya Nguu, unaingia Kilindi, ambayo kabla ya kuwa wilaya ilikuwa sehemu ya Handeni. Mkaguru, Mnguu na Mzigua ni ndugu wa lugha, na kwa asili wote huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Kwa hiyo ninapomzungumzia mwandishi huyu mbele ya watu wa Handeni, sizungumzii mgeni kutoka Dar es Salaam. Ninazungumzia binti wa jirani.

Alianza kuchapisha akiwa kijana. Hatia, tamthilia yake ya mwaka 1972, inahusu mimba ya msichana na lawama zinazoizunguka. Ikafuata Tambueni Haki Zetu mwaka 1973, Heshima Yangu mwaka 1974, Pambo mwaka 1975. Ukizisoma kwa mfuatano utaona mwandishi anayejiondoa polepole katika tamthilia ya sebuleni tuliyorithi kwa Mwingereza, ile ya watu kuketi kwenye viti na kujibizana, akirudi kwenye kitu alichokiacha Berega. Katika Nguzo Mama ya mwaka 1982 kurudi huko kumekamilika. Yupo Bi Msimulizi anayetuongoza kama anavyotuongoza bibi penye moto. Ipo nguzo ambayo wanawake wa kijiji cha Patata wanajaribu kuisimamisha, na kila wanapokaribia kufanikiwa wanagombana, wanavutana, nguzo inabaki chini. Wanawake wenyewe hawana hata majina kamili. Ni Bi Moja, Bi Pili, Bi Tatu, hadi Bi Nane, kama vidole vinavyohesabiwa mbele ya watoto. Miaka miwili baadaye, taifa likiwa bado linauguza majeraha ya vita vya Kagera, akatoa Lina Ubani. Wahenga walisema la kuvunda halina ubani. Yeye akaugeuza usemi huo katika jina la kitabu chake. Mtu anayebishana na methali kwa kutumia methali hawezi kuitwa mtunza makumbusho.

Nasisitiza hilo kwa sababu nimesikia mara nyingi, hata kwa wenzangu wa chuoni, kwamba anayetetea ngano anatetea ukale: ndoa za utotoni, mwanamke kunyamazishwa, hofu za uchawi. Ni hoja nyepesi. Muhando alizijua mila za Wakaguru kuliko wengi wanaozikashifu, kwani tasnifu yake ya udaktari, aliyoitetea Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwanzoni mwa miaka ya 1980, ilichunguza sanaa za maonyesho za Wakaguru kama chombo cha kufundishia. Hakuziabudu. Alichukua chombo, akauliza maswali ambayo wazee wa kiume wasingeyapenda. Ngano haina itikadi moja. Hutegemea nani anaisimulia, na kama ataachwa aimalize.

Na hakuishia kwenye vitabu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 yeye na wenzake, akiwemo Amandina Lihamba, walikwenda Malya, mkoani Mwanza, wakakaa na wanakijiji, wakawauliza shida zao, wakazichambua pamoja, kisha wanakijiji wakatunga maonyesho kwa ngoma na nyimbo zao wenyewe. Baada ya onyesho ulifuata mjadala, na mjadala ndio uliokuwa shabaha. Moja ya shida zilizojitokeza ni wasichana kukatizwa masomo kwa mimba. Mwaka 1996 fikra hiyo hiyo ilizaa Tuseme, mpango wa kuwafanya wasichana wa sekondari waseme yanayowasibu kwa njia ya sanaa za maonyesho, ambao baadaye ulivuka mipaka ya Tanzania. Mwanamke huyu amekuwa akitufundisha kwa nusu karne kwamba kijiji kinachocheza kinafikiri. Sisi tunakipa dakika nne kabla ya hotuba.

Jambo hili si la kwetu peke yetu. Kule India, mwandishi Girish Karnad, aliyefariki mwaka 2019, alikuwa na nafasi zote za kuandika kwa Kiingereza. Alisoma Oxford, na Kiingereza chake hakikuwa na kasoro. Akaandika tamthilia zake kwa Kikannada, ambacho hata hakikuwa lugha ya mama yake, nazo akazichota kwenye ngano na simulizi za kale. Katika Naga-Mandala, ya mwaka 1988, kuna kisa ambacho huwa nawasimulia wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza: bibi mmoja alijua hadithi na wimbo, akavibana kifuani asimwambie mtu. Siku moja akiwa usingizini, hadithi na wimbo vikatoroka kupitia kinywani mwake, vikageuka mwanamke na vazi, vikaleta tafrani nyumbani. Karnad alijua anachokisema. Hadithi isiyosimuliwa haifi kwa amani.

Muhando naye angeweza kukimbilia Kiingereza. Kitabu chake cha nadharia kuhusu utamaduni na maendeleo, kilichotoka mwaka 1991, kiko kwa Kiingereza na kinasomwa nje ya bara hili. Lakini tamthilia aliziweka katika Kiswahili, ili mama wa Berega na mama wa Kwamatuku wazielewe bila mkalimani.

Je, wanazielewa? Hapa inanibidi nigeuze kidole kinielekee mimi na wenzangu. Tumezifanyia nini kazi hizi madarasani? Tumezikata vipande viwili, fani na maudhui, tukawakaririsha watoto "dhamira ya kwanza, dhamira ya pili", tukawauzia vijitabu vya maswali na majibu. Nimesahihisha mitihani ya vijana waliomaliza kidato cha sita wakiwa wamechambua tamthilia sita na hawajawahi kusimama jukwaani hata mara moja, wala kuona mtu akisimama. Mmoja wao, mzaliwa wa Korogwe, aliniandikia ukurasa mzima kuhusu "matumizi ya fasihi simulizi" katika Nguzo Mama. Nilipomwita na kumwomba anisimulie ngano moja tu ya kwao, ya Kisambaa au ya Kizigua, alitabasamu kwa aibu. "Mwalimu, bibi alikuwa akisimulia, ila sisi tulikuwa tunaangalia runinga." Nilimpa alama zake, alizistahili. Lakini nani amefeli hapo?

Wala tusijidanganye kwamba eneo hili ni kame wa visa. Ukikaa Korogwe unaitazama milima ya Usambara, na huko juu Mbegha, mwindaji aliyefukuzwa Nguu kwa sababu ya meno aliyoota, aliua simba akafanywa mfalme. Abdallah bin Hemedi aliyaandika hayo kwa Kiswahili katika Habari za Wakilindi zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Mtoto aliyeambiwa ana nuksi anakuja kutawala: ni mwandishi gani wa tamthilia asiyetamani kisa kama hicho?

Na kipo kingine kinachoniuma zaidi. Katika karne ya 19 Wazigua wengi walichukuliwa utumwani hadi Somalia. Wakaishi bonde la mto Juba vizazi kwa vizazi, wakaihifadhi lugha, wakahifadhi pia simulizi za walikotoka, pamoja na jina la mwanamke aliyewaongoza kutoka utumwani, Wanankhucha. Vita vya Somalia vilipozuka, baadhi ya wazao wao walipanda mashua wakarudi pwani hii. Wakapokewa Handeni, kwanza Mkuyu na baadaye Chogo. Hawakuwa na hati ya kuonyesha nyumbani kwao. Walikuwa na lugha na hadithi, na hizo ndizo zilizowaonyesha njia. Kisa hicho kiko kilomita chache kutoka madarasani mwetu, na mimi sijawahi kukiona jukwaani Handeni wala Korogwe.

Kwa hiyo ninawaomba maofisa utamaduni wa wilaya hizi mbili jambo moja lisilohitaji bajeti: kikundi cha ngoma kikialikwa, kiachwe kimalize, na mgeni rasmi akae asikilize, hata kama wimbo unamhusu. Wakuu wa shule za sekondari ninawaomba saa moja kwa wiki ambayo wanafunzi watatunga na kuigiza badala ya kunakili.

Nilirudi kwa yule mwimbishaji wiki iliyofuata. Nikamwamkia, nikamwomba anisimulie Sungura aliishia wapi. Akaniambia wanyama walimnasa kwa sanamu iliyopakwa ulimbo: alilipiga kofi mkono ukanata, akapiga teke mguu ukanata. Kisha akaniuliza kama safari hii nimekuja na kipaza sauti. Nikamjibu sina. "Basi kaa," akasema, "bado hujasikia ya Fisi."