Shemeji, Bando Limeisha Tena?

Haya mpenzi msomaji, kona yetu mwezi huu inaingia sebuleni kwako, pale pale kwenye kochi, kwa yule dogo aliyeinamia simu yako tangu saa moja jioni. Wengi wetu tuliooana miaka mitatu minne iliyopita tunaye: mdogo wa mume, mdogo wa mke, mtoto wa shangazi. Katoka kijijini kuja kusoma sekondari mjini, anakula kwako, analala kwako, na bando lako analimaliza yeye. Mama mwenye nyumba ananuna. Baba mwenye nyumba anajifanya anaangalia taarifa ya habari.

Likizo ya Juni nilikuwa Tabora kwa rafiki yangu wa chuo, nikaukuta ugomvi huo huo. Mdogo wa mumewe ametoka kijiji kimoja cha Urambo, yuko kidato cha kwanza shule ya kutwa. Darasa la saba alifaulu vizuri tu, hesabu na sayansi vilikuwa vyake. Kufika sekondari, kimya. Si kwamba hajui. Kijijini alifundishwa usanisinuru akaielewa, sasa mwalimu anaingia anasema photosynthesis na kijana anadhani ni kitu kipya kabisa. Siku moja akajaribu kujibu swali, akakosea, darasa zima likaangua kicheko. Hakunyoosha mkono tena muhula mzima! Hata nyumbani, rafiki yangu ananiambia, ni "ndiyo shemeji", "hapana shemeji", basi.

Tuseme ukweli, hili si la kijana mmoja. Mtoto wa shule ya msingi ya serikali anasoma kwa Kiswahili miaka saba, Kiingereza ni somo moja tu kwenye ratiba. Januari ya kidato cha kwanza karibu kila kitu kinageuka Kiingereza, na wiki chache za maandalizi zinatakiwa zimalize kazi ya miaka. Halafu tunashangaa mbona dogo kapooza.

Sasa ugomvi wenyewe. Rafiki yangu alitaka simu ifungiwe kabatini. Mumewe akamtetea mdogo wake: "Mwache bwana, anajifunza Kiingereza kwenye gemu." Wakanigeukia mimi, mhariri, eti niamue. Nikaomba ile simu.

Ilikuwa Free Fire, asubuhi mpaka jioni. Kiingereza alichovuna pale, kwa hesabu yangu, ni maneno ya kupakia risasi na matusi mawili matatu kutoka kwa watu asiowajua. Hapo shemeji mtu alikuwa na haki ya kununa. Lakini na mumewe hakuwa anatetea hewa. Mwaka 2012 watafiti wawili wa Sweden, Liss Kerstin Sylvén na Pia Sundqvist, walitoa matokeo ya uchunguzi wao kwa watoto 86 wa miaka 11 na 12. Waliocheza gemu za Kiingereza saa tano au zaidi kwa wiki ndio waliofanya vizuri kuliko wenzao kwenye msamiati. (Watoto wa Sweden wanakisikia Kiingereza kwenye televisheni pia, kwa hiyo tusikimbilie kununua bando la mwezi.) Kilichonigusa zaidi ni cha Thailand. Mwaka 2011 Hayo Reinders na Sorada Wattana waliwachezesha wanafunzi wachache wa chuo kikuu gemu ya intaneti iitwayo Ragnarok Online. Vijana waliokuwa wagumu kufungua mdomo darasani wakawa wanaandikiana Kiingereza bila woga. Sarufi yao haikunyooka kwa hilo, kosa lilibaki kosa. Ila kimya kilivunjika, na ugonjwa wa dogo wa Urambo ni kimya.

Basi nikawaambia: gemu ibaki, ila ibadilishwe, na asicheze peke yake.

Hapa wapenzi mtanipenda, maana gemu niliyowapa ilizaliwa kwenye mapenzi. Inaitwa Wordle. Josh Wardle, fundi wa programu aliyekuwa akiishi Brooklyn, aliitengeneza kwa ajili ya mpenzi wake Palak Shah, anayependa michezo ya maneno. Unatafuta neno moja la herufi tano, una majaribio sita, na rangi zinakwambia herufi ipi imekaa sawa. Ni neno moja tu kwa siku, kwa hiyo hata bando halilii. Maneno ya herufi tano ya Kiingereza yalikuwa kama 12,000, mengine hata Mwingereza hayajui. Yule dada akakaa akayachambua mpaka yakabaki kama 2,500 ya kawaida. Watu wote waliipata Oktoba 2021, na Januari 2022 gazeti la New York Times likainunua. Yaani mtu kampa mwenzie zawadi ya jioni, dunia nzima ikaomba kujiunga!

Ya pili ni Freerice, iliyoanza 2007. Unapewa neno, unachagua maana yake kati ya nne. Ukipata, maneno yanakuwa magumu zaidi; ukikosa, yanashuka mpaka yafike kimo chako, na hakuna wa kukucheka. Jibu sahihi linageuka punje kadhaa za mchele kwa Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, wale wale waliolisha wakimbizi wa Nyarugusu kule Kasulu. Dogo kwao wanalima mpunga, akataka kujua punje ngapi zinajaza debe. Hilo lilikuwa swali lake la kwanza refu tangu nifike.

Kwa nini nasema asicheze peke yake? Kesho yake wenyeji wangu walinipeleka Kwihara, nje kidogo ya mji, kwenye tembe alilokaa Livingstone mwaka 1872. Tabora ilikuwa njia panda ya misafara. Burton na Speke walifika Novemba 1857, wakati wageni wakiiita Kazeh. Wapagazi wa Kinyamwezi walibeba pembe za ndovu mpaka pwani ya Bagamoyo, miezi njiani, wakarudi na Kiswahili mdomoni. Nani aliwapa mtihani? Walikipata kwa kudai ujira, kubishania bei ya chakula, kutaniana kambini usiku. Ukikosea neno, unalirudia, msafara unaendelea. Najua utaniambia Kinyamwezi na Kiswahili ni ndugu, Kiingereza ni mtu wa mbali. Kweli. Lakini wale walikuwa na wa kuongea naye kila siku. Dogo hana, na simu haiwezi kumjibu kama binadamu.

Tukakubaliana hivi: baada ya chakula, nusu saa, simu moja, watu watatu kochini. Neno likipatikana, kila mmoja analitungia sentensi yake, na mumewe mwenye digrii naye anakosea wazi wazi. Kwangu hilo la mwisho ndilo muhimu kuliko yote, kijana amwone kaka yake akikosea na dunia isianguke. Wiki ya pili dogo akamwambia shemeji yake, kwa Kiingereza, kwamba mchuzi umezidi chumvi. Shemeji kanuna, lakini nasikia alinuna huku anacheka.

Darasani bado. Muhula ulipofunguliwa alimfuata mwalimu wa baiolojia nje, wakiwa wawili tu, akamuuliza swali. Mkono mbele ya wenzake hajanyoosha.

Kama wewe dogo wako yuko darasa la saba mwaka huu, una bahati kuliko rafiki yangu. Mtihani unaisha Septemba, kidato cha kwanza kinafunguliwa Januari, na katikati watoto wengi wanazurura tu au wanalipiwa masomo ya ziada ya kukariri. Shule nyingi haziruhusu simu, kwa hiyo miezi hiyo ndiyo yenu. Anza na maneno ya masomo aliyokwisha kuyajua kwa Kiswahili: usanisinuru, kizio, mmeng'enyo. Mwekee nywila kwenye kununua vitu ndani ya gemu, zuia wageni kumwandikia, na yale matangazo ya kubeti yakitokea mweleze ni nini badala ya kumfokea. Kuhusu bando, gawaneni: wiki hii baba, wiki ijayo mama.